Unaogopa mnyoo wa samaki? Sumu yenyewe huioni

Kila baada ya miezi kadhaa video ile ile hurudi kwenye simu yako. Mtu ameshika samaki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, anapasua tumbo, na humo ndani mnyoo mweupe unajinyonganyonga. Chini yake maoni ni yale ya siku zote: "Mimi na samaki basi", "Afadhali sukuma wiki yangu", na yule mmoja asiyekosa wa kusema ati tunafichwa mambo. Siku mbili tatu mama samaki wa mtaani analia biashara imelala. Kisha watu husahau, na karai hurudi motoni.

Hebu nikwambie jambo ambalo video hizo hazisemi. Mnyoo ule ukishaingia kwenye mafuta yanayochemka, umekwisha. Kama wewe ni mtu wa sushi za Westlands ama Kilimani, sawa, kwako pana neno: minyoo ya jamii ya anisakisi ukiimeza hai inaweza kukuchafulia tumbo vibaya sana. Ndiyo maana mamlaka ya chakula ya Marekani inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Lakini sisi wa kukaanga hadi mapezi yanavunjika kama kripsi, mnyoo si shida yetu.

Shida ni vile vitu visivyojua moto. Madini ya risasi. Zebaki. Kadimiamu, ile inayotoka kwenye aina fulani za betri, rangi na mbolea. Hizi ni elementi, kama ulivyofundishwa kwenye Kemia ya Kidato cha Kwanza ukiwa unasinzia. Huwezi kuzichemsha zikaisha. Ukikaanga, ukibanika, ukitia ndimu na pilipili, zimo. Umeingia nazo jikoni, utatoka nazo mezani, na hazina harufu wala rangi ya kukushtua.

Na kati ya vyote vilivyomo ndani ya samaki yule, kinachobeba ushahidi mwingi zaidi wa risasi ni mnyoo ule ule tunaoutupia paka.

Mnyoo usio na mdomo

Katika miaka ya 1990, Mjerumani Bernd Sures na wenzake walichunguza samaki wa mto Ruhr, ule unaopita katikati ya eneo la Ujerumani lililojulikana kwa makaa ya mawe na chuma. Matumboni mwa samaki hao mlikuwa na minyoo ya kundi lenye kichwa cha miiba. Hujipachika kwenye ukuta wa utumbo kama ndoana na kukaa hapo. Watafiti walipima risasi kwenye minofu ya samaki, wakapima kwenye maji, halafu wakapima kwenye minyoo. Kiwango ndani ya mnyoo kilizidi kile cha minofu mara 2,700. Kikalinganishwa na maji ya mto, kilizidi mara 11,000.

Hapana, sijakosea sifuri.

Inakuwaje mdudu mdogo hivyo abebe mzigo mkubwa hivyo? Samaki hupata risasi kupitia matamvua anapopumua, na kupitia chakula. Ikishaingia kwenye damu hufika kwenye ini. Ini lake, kama lako, hujaribu kuitoa nje: huichanganya na nyongo na kuimwaga utumboni. Lakini mwili hauna tabia ya kupoteza nyongo ovyo, kwa hiyo utumbo hufyonza sehemu kubwa ya nyongo hiyo na kuirudisha, na risasi hurudi nayo kwenye damu. Ni mzunguko.

Sasa katikati ya mzunguko huo amekaa mpangaji wetu. Mnyoo huu hauna mdomo wala tumbo. Hula kwa ngozi. Tena asidi za nyongo unazitaka, kwa sababu kuna mafuta ambayo hauwezi kujitengenezea wenyewe. Unapozifyonza, unafyonza na risasi iliyozishikilia. Ni kama yule jamaa wa kona ambaye kila mzigo unaoingia mtaani lazima upite kwake na akate chake. Mwisho wa mwezi ukitaka kujua ni mizigo mingapi imepita, huendi kuuliza wenye nyumba. Unakwenda kuhesabu stoo ya yule jamaa.

Huo ulikuwa mto, utasema, na samaki wa maji baridi. Mwaka 2007 watafiti wa Iran na mwenzao wa Uskoti walichapisha matokeo ya kazi kama hiyo kutoka Ghuba ya Uajemi, mkono wa Bahari hii hii ya Hindi, kule majahazi yetu yalikokwenda na pepo tangu enzi. Walimchukua papa mdogo anayevuliwa sana huko, wakatoa minyoo tegu utumboni mwake, wakapima kadimiamu na risasi. Hadithi ikawa ile ile: tegu walikuwa na viwango vya juu kabisa kuliko nyama ya papa aliyewabeba.

Kwa nini hili likuhusu wewe uliye Umoja, Pipeline ama Bamburi? Kwa sababu ya namna upimaji unavyokwenda. Minofu mara nyingi ina risasi kidogo mno kiasi kwamba mashine inasoma karibu na sifuri. Afisa anaandika "haikuonekana" na kila mtu anakwenda nyumbani akiwa na furaha. Ina maana bahari ni safi? La. Ina maana samaki huyu hajaiweka kwenye minofu yake kwa kiasi cha kuonekana, leo. Mnyoo, kwa upande wake, umekuwa ukikusanya kwa wiki na miezi. Ukipima mnyoo unaona uchafu ungali mdogo, kabla haujafika pabaya. Unapata muda wa kufanya kitu.

Kuna na upande mwingine unaochekesha. Mtafiti huyo wa Uskoti, Ken MacKenzie, alipendekeza mwaka 1999 kwamba vimelea vya samaki wa baharini vitumike kama kengele ya tahadhari, na hoja yake moja ilikuwa kuangalia hata vile visivyokuwepo. Minyoo mingi ya baharini huishi maisha ya kuhamahama: yai huanguka majini, kiluwiluwi huingia kwenye konokono, kisha kwenye samaki mdogo, kisha kwenye samaki mkubwa ama ndege. Sumu ikiua konokono tu, mnyoro wote umekatika. Kwa hiyo samaki wa sehemu chafu anaweza kuwa na utumbo msafi kabisa, huku vimelea vidogo vya matamvuani, vile visivyohitaji kuhama, vikizidi kwa sababu kinga ya samaki imedhoofika. Wewe sokoni ungemchagua huyo. Ungesema huyu hana hata mnyoo mmoja, funga.

Lakini usije ukatoka hapa ukasema basi minyoo ni dawa ya samaki. Ni kweli kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba samaki mwenye minyoo hiyo ya miiba alikuwa na risasi kidogo kwenye utumbo wake kuliko asiye nayo, kwa sababu mnyoo uliiwahi. Hata hivyo mnyoo huo huo unamwibia chakula na kumtoboa utumbo. Ni mlinzi anayelala kwako bure na kula friji yako. Tena kwa zebaki hausaidii sana, kwani zebaki ya baharini hujishikiza kwenye protini za nyama yenyewe. Ukitaka habari za zebaki, pima minofu. Na kwa dawa zinazopenda mafuta, kama zile za kuua wadudu za jamii ya DDT, majibu ya minyoo yamekuwa ya kuchanganya. Kwa hiyo kila sumu ina shahidi wake. Mnyoo ni shahidi mzuri wa risasi na kadimiamu. Inatosha.

Kutoka Dandora hadi Sabaki

Ukishuka treni ya SGR pale Miritini ukaelekea kisiwani Mombasa, unavuka daraja la Makupa lililofunguliwa 2022. Kabla ya daraja palikuwa na tuta la barabara na reli lililoziba mkono wa bahari kwa miongo mingi, maji hayaendi wala hayarudi. Na pembeni yake palikuwa na Kibarani, jaa la taka la jiji zima. Waliosafiri kwa basi miaka hiyo hawakuhitaji kuambiwa wamefika Mombasa; pua iliwaambia. Jaa limefungwa, miti imepandwa, watu wanapiga picha. Hongera kwa hilo.

Ila risasi haifungwi kwa kuweka geti. Madini mazito yakifika baharini hayaelei kwa muda mrefu. Hujishika kwenye chembe za tope na kuzama. Kwa hiyo kilichotiririka kutoka jaani miaka yote ile kiko chini, kwenye matope ambamo kaa na nyungunyungu wa baharini wanakula, na mkizi anawala wadogo hao pamoja na tope lenyewe. Wanasayansi hawakulala. Utafiti uliochapishwa 2001 ulipima madini mazito kwenye matope ya Kilindini na Makupa, na mwingine wa 2003 ukapima kadimiamu na risasi kwenye maji, matope na samaki wa Mombasa. Hizo ni zaidi ya miaka 20 zilizopita. Tangu hapo bandari imepanuliwa, mchanga umechimbwa, daraja limefungua maji, na tope lililokuwa limetulia limetikiswa. Hapo ndipo swali la leo lilipo: lile tope limekwenda wapi, na nani amelila?

Sogea kidogo uende Jomvu, kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa hapo kati ya 2007 na 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, aligundua mwanawe anaugua kwa sababu ya risasi, na kutoka hapo akaanzisha vita vilivyofika Mahakama ya Juu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni; 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Nakukumbusha kesi hii kwa sababu moja. Wale watu hawakushinda kwa kulia. Walishinda kwa sababu damu ilipimwa, udongo ukapimwa, na karatasi zikapelekwa mbele ya jaji. Pasipo kipimo, wangekuwa watu wa "ati".

Wewe wa Nairobi unasoma ukidhani haya ni mambo ya Pwani. Kwani mto wa Nairobi unaishia wapi? Unapita Gikomba, unapita kando ya jaa la Dandora, unaingia Athi, na Athi ukishuka nyika unaitwa Galana, halafu Sabaki, halafu unamwaga kaskazini kidogo mwa Malindi. Nenda Malindi msimu wa mvua uone bahari ilivyo nyekundu kama chai ya maziwa iliyomwagika. Ule ni udongo wa bara, na udongo ndio usafiri wa madini mazito.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilisimamia uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita ama zaidi, kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa cha kuchukua hatua. Sisemi kila gramu ya risasi ya Dandora inafika Malindi. Nyingi hunasa njiani, kwenye kingo na mabwawa. Lakini mafuriko kama yale ya 2024 huchimba kingo hizo na kubeba kilichokuwa kimelala. Vijana wenzako wa Climate WorX wanaotoa taka mtoni kwa buti na reki wanaokoa samaki ambao hawatawahi kuwaona, na sidhani kuna mtu amewaambia hivyo. Wanachoona ni plastiki. Kilicho kwenye tope hakishikwi kwa reki.

Na kabla hujamnyooshea kidole kiwanda pekee, angalia hata chubwi, zile za kuzamishia nyavu na mishipi. Nyingi ni risasi tupu. Zikikatika hubaki mwambani. Hilo ni dogo ukilinganisha na jaa, najua, lakini lipo.

Nani hupimiwa samaki?

Hapa sasa ndipo damu yangu huchemka kidogo, unisamehe.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga dawa za kuua wadudu majini ili kuvua. Kenya, Uganda na Tanzania zote ziliumia. Viwanda vya mbuta vikanyamaza, watu wakarudi nyumbani. Serikali ikakimbia huku na huku: ukaguzi, maabara, makaratasi, hadi Ulaya ikaridhika na kufungua mlango. Sumu ikawa jambo la dharura, na ni sawa kabisa.

Lakini jiulize, miezi ile yote, sisi tulikuwa tunakula nini? Tulikuwa tunakula mbuta yule yule. Na hata baadaye, minofu ilipokuwa inapimwa na kufungwa kwenye barafu iende Ulaya, kilichobaki kwetu ni mgongo wazi: kichwa, uti wa mgongo na kiasi cha nyama cha kukufanya uamini kuna nyama. Cheti kilikuwa kinapanda ndege pamoja na minofu.

Mambo hayajabadilika sana kwa mantiki. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Ulaya ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa zetu, samaki wakiwemo, zinaingia huko bila ushuru. Raha. Lakini Ulaya inataka risasi isizidi miligramu 0.3 kwa kilo moja ya minofu, na Codex, mfumo wa viwango vya chakula wa kimataifa ambao Kenya ni mwanachama wake, ina kiwango hicho hicho. Kwa hiyo kipimo kipo, na namba inajulikana. Anayeuza nje analazimika kuitii kwa sababu kontena litarudishwa. Samaki anayetoka bandarini asubuhi, akapita kwa tajiri, akafika kwa mama karanga na saa kumi jioni yuko kwenye gazeti mkononi mwako, huyo hana kontena la kurudishwa.

Serikali itakwambia, na si uongo mtupu, kwamba kutangaza sumu ni hatari. Tuliona 2018 wakati wa sukari ya magendo. Wakubwa walisimama wakasema ina zebaki, baadaye wengine humo humo serikalini wakasema haina, na mpaka leo muulize mtu yeyote kwenye matatu, hajui aliyesema kweli. Kilichobaki ni hofu na utani. Sasa fikiria ukitangaza kiholela kwamba samaki wa sehemu fulani wana risasi. Kesho yake mama karanga wa pale hauzi hata kipande. Ana watoto shuleni, ana mkopo wa chama. Mvuvi wa ngalawa ambaye hajawahi kumiliki betri ya gari ndiye atakayelipia betri za wengine. Nimewasikia watu wa bahari wakisema afadhali msipime kabisa kuliko mpime mtuharibie. Siwalaumu. Ila nadhani wamekosea, na sababu ni hii: uvumi hauhitaji kipimo. Video ya mnyoo ilipozunguka, nani alikuwa amepima? Mama samaki alipoteza pesa bila hata namba moja ya kujitetea nayo.

Dawa ya hofu ya aina hiyo ni mazoea. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA inatangaza bei ya mafuta. Tunalalamika, tunatukana, lakini hakuna anayekimbia mji. Tumezoea namba. Tungekuwa na ratiba kama hiyo ya samaki, hata mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli: Makupa, Tudor, Port Reitz, ghuba ya Malindi, na kwa kulinganisha sehemu iliyo mbali na viwanda, tuseme Kiunga. Samaki gani, minofu ina kiasi gani, minyoo ina kiasi gani. Ikipanda, tujue inapanda wapi, twende tukamtafute anayemwaga. Ikishuka, mama karanga aweke karatasi ukutani kibandani mwake.

Na hapa ndipo mnyoo unapokuwa rahisi kuliko mambo mengi tunayoambiwa yatakuja na teknolojia. Minyoo ipo tayari. Kila asubuhi, pale wanapopara na kupasua samaki, ndoo za matumbo hujaa na kumwagwa. Mwanafunzi wa baiolojia wa Chuo Kikuu cha Pwani ama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anahitaji kisu, chupa ndogo, barafu na mwalimu wa kumfundisha kutofautisha tegu na mnyoo wa miiba. Ghali ni mashine ya kusomea, hiyo ni kweli, lakini taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa hapo hapo, na kazi ya kupima bahari ndiyo kazi yake. Kinachokosekana ni mtu wa bajeti kuona kwamba utumbo wa samaki unastahili mstari mmoja kwenye vitabu vyake. Kuna pesa nyingi zinazungumzwa chini ya jina la uchumi wa buluu. Sijasikia nyingi zikizungumzwa kwa jina la ndoo ya matumbo.

Katiba, kama unapenda kuitaja kwenye X, itaje hapa pia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kujua anachonunua. Ofisi ikiwa imepima na ikakaa na karatasi, una haki ya kuiomba kwa barua, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema wajibu ndani ya muda gani: siku 21. Barua moja ya klabu ya chuo ina uzito kuliko maoni elfu moja chini ya video.

Haya, nile nini?

Kula samaki. Sijaandika maneno yote haya ili urudi kwenye soseji. Protini yake, mafuta yake, yanakufaa wewe na yanamfaa zaidi mtoto anayekua. Unachohitaji ni kujua nani amebeba nini.

Zebaki hupanda ngazi. Samaki mdogo hubeba kidogo, anayemla hubeba zaidi, na yule mkubwa aliyeishi miaka mingi akila wengine ndiye mwenye mzigo mzito. Dunia ilijifunza hili vibaya Japani, katika mji wa Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Mwaka 1956 ugonjwa wa wavuvi na familia zao ukatambuliwa rasmi, na paka waliokula samaki wale walikuwa wameanza kuyumba na kuanguka kabla ya binadamu. Leo Codex imeweka kikomo cha zebaki ya kikaboni: miligramu 1.2 kwa kilo kwa jodari, 1.6 kwa papa, 1.7 kwa samaki wa jamii ya nduaro. Ukiona kikomo kinapandishwa kwa samaki fulani, elewa ni kwa sababu kwa tabia yake anabeba zaidi, wala si kwamba zebaki yake ni tamu.

Kwa hiyo kama una mimba, ama dada yako anayo, ama kuna mtoto mdogo nyumbani, papa na nduaro waachwe kwanza. Ushauri wa Marekani kwa wajawazito unawataja hao wawili moja kwa moja. Najua hapa nimegusa mchuzi wa papa wa nazi, na kuna nyanya Old Town ambaye hatanisamehe. Yeye aendelee kula. Mjukuu wake mwenye mimba ya miezi minne ndiye asubiri.

Kwa risasi na kadimiamu, vitu vya ndani ndivyo vya kuangalia: ini, figo na matumbo huhifadhi zaidi kuliko minofu. Samaki wa mikono ya bahari iliyo karibu na bandari na majaa, toa matumbo yote, osha tumbo, usimpe mtoto ini. Muulize anayekuuzia samaki ametoka wapi. Si kwa ukali. Muulize tu kama unavyouliza nyanya ni za Loitokitok ama za wapi. Mama karanga mzuri anajua ngalawa, anajua na jina la nahodha.

Changu na tafi wa mwambani, kwa zebaki, hawana mzigo wa papa. Dagaa ndio wepesi kuliko wote, kwa sababu ni wadogo, wanaishi muda mfupi na wako chini kabisa ya ngazi. Unawala wazima na mifupa yake, unapata kalsiamu juu yake. Na doo yake, hata mwisho wa mwezi, bado ni ya mwanafunzi.